Taa ya depo ya mafuta kwenye chumba cha unga

SWALI: Mzee, salamu nyingi. Mimi ni fundi wa umeme hapa Kigumba, nimepewa kazi ya kufunga umeme kwenye mashine ya kusaga mahindi. Tajiri amenunua taa nzito za mtumba zilizotoka kwenye depo ya mafuta. Zimeandikwa "Ex db IIB T4 Gb". Anasema kama ziliweza mvuke wa petroli, unga wa posho hautazishinda. Nizifunge?
Fundi kijana, Kigumba

JIBU: Usizifunge, mwanangu. Wasiwasi wako ni wa kweli: unga ukipaa hewani nao unaweza kulipuka, lakini taa ya gesi si taa ya vumbi.

Isome hiyo alama polepole. Ex ni kifaa cha mahali panapoweza kulipuka. II ni kundi la gesi na mivuke, na G ya mwisho ni gesi. Vumbi lina kundi lake, III, na herufi yake, D. IIIA ni nyuzi kama za pamba, IIIB ni vumbi lisilopitisha umeme, ndimo ulimo unga, na IIIC ni vumbi linalopitisha umeme, kama la alumini. Taa ya hapo ingeandikwa kitu kama "Ex tb IIIB T120°C Db": t ni kasha linalozuia vumbi kuingia, na 120 ni joto la juu kabisa la uso wake.

Taa ya "d", ile herufi inayofuata Ex kwenye taa zenu, haizuii gesi kuingia. Gesi ikiingia na kulipuka, kasha nene linahimili, na moto unaopenya kwenye kiungio chembamba cha chuma unapoa kabla ya kufika nje. Unga una tabia nyingine: unatua juu ya taa na kuifunika kama blanketi. Joto linakosa pa kutokea, unga wa chini unageuka kahawia, kisha unaanza kufuka moshi. Hiyo T4, yaani uso usiozidi nyuzi 135, ilipimwa taa ikiwa safi. Hata taa za vumbi kwa kawaida hupimwa hivyo, ndiyo maana kanuni inataka uso wake ubaki nyuzi 75 chini ya joto linalowasha unga uliolala kwa unene wa milimita 5. Unga ukizidi unene huo, hesabu hiyo haikulindi tena. Kwa hiyo ufagio ni sehemu ya kazi yako ya umeme, na tajiri aelewe hivyo.

Mimi ningeanza na njia ya bei nafuu: toa umeme chumbani. Starta, swichi kubwa na soketi viwe upande wa pili wa ukuta, na matundu ya kebo yazibwe kabisa. Taa zikae nje, zimulike ndani kupitia kioo kisichofunguka. Mota ikilazimika kubaki ndani, iwe ya daraja la vumbi.

Beringi nazo zipakwe grisi na kukaguliwa. Mwaka 2008, kiwanda cha sukari cha Port Wentworth, Marekani, kililipuka na watu 14 wakafa. Wachunguzi waliona kuwa huenda beringi iliyopata moto kwenye mkanda uliofunikwa wa kusafirishia sukari ndiyo ilianzisha. Mlipuko wa kwanza ulitikisa sukari iliyolala kwenye vyuma na sakafu, ikapaa, nayo ikalipuka. Basi panda ufagie na kenchi za paa, mashine ikiwa imezimwa. Usipulize kwa kompresa, utatengeneza wingu la unga, lile lile tunaloogopa lisilipuke.

Taa hizo tajiri azirudishe kwa muuzaji sasa, kabla hazijatobolewa.