Miche yetu imeng'olewa mtoni, nimshitaki nani?

SWALI: Shikamoo Mzee wa Mtoni. Nafundisha shule ya msingi tarafa ya Matombo, Morogoro. Masika yalipoanza, watoto wa klabu ya mazingira walipanda miche 40 ya mikangazi kando ya kijito kilicho chini ya shule. Juzi tumeikuta yote imeng'olewa na kulazwa njiani, imepangwa vizuri. Nataka kwenda kwa mtendaji na ile sheria ya mita 60. Nakosea?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Sheria unayo: ile ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ila kabla hujafika kwa mtendaji, niambie, shamba lile la kando ya kijito ni la nani? Maana mharibifu angeitupa miche mtoni. Huyu ameipanga njiani. Anakurudishia mali yako.

Ardhi ya Uluguru, milima yenu hiyo, ni ya ukoo, na ukoo ni wa upande wa mama. Aliyeazima shamba atalima mahindi na maharage, lakini mti wa kudumu hapandi, kwa sababu mti ni dai la ardhi. Sasa wewe umeshuka na darasa zima mkapanda 40 kwa siku moja! Wenyewe wameona shule inajichukulia shamba.

Hata mimi, nikiwa kijana wa idara ya maji, nilipigilia vigingi asubuhi kando ya mto huko huko milimani. Jioni nikavikuta jikoni kwa mwenyeji wangu, vinachemsha chai. Mzee wa nyumba akanisimulia ya 1955: mkoloni aliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, udongo wenye rutuba ukafukiwa chini, mazao yakagoma na watu nao wakagoma. Vurugu zikazuka hapo hapo Matombo, mradi ukafa. Ukienda kule na kamba ya kupimia, bado wanakutazama kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo nenda kwa mjomba mwenye ukoo, na kwa kina mama wakubwa. Mikangazi waipande wao, kwa mikono yao. Kama shamba ni la kuazima, omba kupanda matete ukingoni. Yanashika udongo, mbuzi wanakula, na hakuna atakayeyaita dai.

Watoto nao wape kazi ya maji. Mvua kubwa ikikatika, wajaze chupa tatu: juu ya mashamba, chini ya mashamba, na kivukoni. Zikae dirishani mpaka asubuhi, kisha wapime tope kwa rula. Maji yakishatulia, wageuze mawe kijitoni wahesabu wadudu wanaojificha chini yake. Penye tope jingi watakuta wachache. Siku ya kikao cha wazazi ziweke chupa mezani, unyamaze. Usiandike jina la shamba la mtu. Wala usianze na habari za Mto Ruvu, unaopokea maji ya milima hiyo, kunywesha Dar es Salaam. Mkulima wa Matombo hana deni na Dar. Tope lile ni shamba lake linaondoka.

Miche iliyong'olewa, kama mizizi haijakauka, ichovye kwenye tope uiweke kivulini. Mjomba akikubali utaitaka mara moja.