Mafua Yako na Ile Pakiti ya Mfukoni

Mwanangu Salim,

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili, na katikati nimekusikia ukikohoa. Unauliza kwa nini mafua yakipita hapo kazini wenzako siku tatu wamepona, wewe yanakushukia kifuani wiki mbili. Halafu ukachomekea lile la korona, eti wavuta sigara waliugua wachache.

Nianze na hilo, maana naona ndilo ulilolishikilia. Kweli, mwaka 2020 takwimu za mwanzo za hospitali za China na Ufaransa zilionyesha wavutaji wachache wodini, watu wakasema nikotini ni kinga. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, baba. Mgonjwa anayehema kwa shida, nani anamuuliza vizuri kama anavuta? Mwaka 2021 jarida moja la Ulaya la magonjwa ya mapafu lilifuta makala ya namna hiyo, kwa kuwa waandishi wake wawili hawakutaja uhusiano wao na tumbaku. Wavutaji walioambukizwa korona ndio waliozidiwa zaidi.

Ninaowaamini mimi ni vijana wa jeshi la Israeli, 336 wa kikosi kimoja, waliopitiwa na influenza. Habari zao zilichapishwa 1982. Wavutaji waliougua walikuwa asilimia 68.5, wasiovuta 47.2. Nusu ya wavutaji walilala kitandani au walishindwa kazi. Rika lako hao, si wazee.

Ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo mno vinavyofagia ute kwenda juu, pamoja na virusi vilivyonaswa humo. Moshi unavilaza, na huku ute unazidi. Usiku usipovuta vinaamka kidogo. Unamkumbuka marehemu baba yako alfajiri pale uani, mkono mmoja ukutani, mwingine una kopo la maji, anakohoa mpaka machozi? Akimaliza anawasha nyingine "kifua kifunguke".

Alipoacha, wiki za kwanza alikohoa kuliko zamani, akanilaumu kwamba nimemnyang'anya dawa. Kumbe ufagio ndio umerudi kazini. Likikukuta hilo usirudi nyuma.

Ila kikohozi cha wiki mbili sikiachi hivihivi. Kesho nenda ukapimwe makohozi, kifua kikuu nacho kinawapenda wavutaji. Majibu nipigie, usinitumie ujumbe.

Mama