Jibu: Je, Mkristo aiache imani mlangoni akiingia serikalini?

Ndugu, umeuliza kama Mkristo aliyepewa cheo serikalini anapaswa kuiweka imani yake kando. Mimi nasema hapana, na wala haiwezekani. Hakuna anayeingia ofisini bila dhamira. Yake imelelewa na Injili, basi.

Wengi hukimbilia Warumi 13 kudai kwamba mwenye mamlaka asiguswe. Wasome pia Matendo 5:29, ambapo Petro analiambia baraza lililomkataza kuhubiri kwamba Mungu hutiiwa kuliko wanadamu.

Mfano ninaoupenda ni William Wilberforce, mbunge wa Uingereza aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Imani ndiyo iliyomsukuma, lakini katika Bunge la Uingereza hakuishia kunukuu mistari. Alileta ushahidi wa mateso ndani ya meli za watumwa, jambo ambalo hata asiyeamini aliweza kulipima. Ilichukua miaka mingi mpaka biashara hiyo ikapigwa marufuku mwaka 1807. (Na waliompinga nao walikuwa na Biblia zao, tusisahau.)

Ninachokiogopa ni kanisa kushika rungu la dola. Mwaka 380 kaisari Theodosius wa Roma aliagiza raia wake waifuate imani ya Kikristo. Miaka michache tu baadaye askofu Priscillian aliuawa na dola, baada ya kushtakiwa na maaskofu wenzake. Martin wa Tours, naye askofu, alimsihi mtawala aliyemhukumu, Maximus, asimwage damu ile. Hakusikilizwa.

Kwa hiyo huyo kiongozi wako asali atakavyo, ila sheria anayoipendekeza aitetee kwa hoja ambazo jirani yake wa dini nyingine anaweza kuzijibu.