Ndoo chini ya sinki

Swali lenu la wiki hii linauliza msimamizi wa nyumba za kupangisha atumie mbinu gani ili apate wapangaji haraka. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka 11, na naona swali limeanzia mwishoni, kwa sababu nyumba inayotafutiwa mpangaji mara nyingi ni ile iliyokuwa naye, akaachwa aondoke. Kuhusu matangazo sina mengi: picha zipigwe mchana, kodi na amana zitajwe waziwazi, na anayepiga simu ajibiwe siku hiyohiyo. Ninalotaka kulijibu ni la wale waliokwisha kuingia.

Nilikuwa nikisimamia jengo la nyumba 18 kwa niaba ya mwenyewe, aliyeishi mbali. Ghorofa ya tatu alikaa mama mmoja ambaye kwa miaka sita hakuchelewesha kodi hata mara moja. Bomba la chini ya sinki lake likaanza kuvuja. Alinieleza tulipokutana kwenye ngazi, nikampa pole, nikaandika daftarini. Wiki tatu baadaye aliniuliza tena, tukacheka kidogo kuhusu ndoo aliyoitega pale, nikamwambia nasubiri idhini ya mwenye nyumba, maneno yaliyokuwa kweli nusu tu, maana matengenezo madogo niliruhusiwa kuyalipia kutoka katika kodi niliyokusanya. Mara ya tatu alinikuta langoni nikiwa na haraka, nikamuuliza hali ya watoto, nikaenda zangu. Mkataba wake ulipokaribia kwisha nilipitisha chini ya mlango barua ya kuuhuisha, yenye nyongeza ya asilimia 5. Akajibu kwa notisi.

Siku ya kukabidhi funguo tulikagua chumba baada ya chumba, tukilinganisha na orodha ya siku aliyoingia. Rangi ya kuta ilikuwa imefifia, lakini huo ni uchakavu wa kawaida, haukatwi kwenye amana, kilichovunjika hakikuwapo. Tulipofika jikoni alifungua kabati la chini ya sinki, akaniacha niitazame ile ndoo, kisha akanipa karatasi yenye tarehe tatu. "Kaka, umekuwa mwema kwangu," alisema, "lakini nimechoka kumwaga maji."

Nyumba ilikaa tupu miezi miwili. Nyongeza ya asilimia 5, hata ikilipwa mwaka mzima, haifiki kodi ya mwezi mmoja. Kuifidia miezi miwili iliyopotea kunahitaji miezi 40, kabla hatujahesabu rangi mpya na malipo ya dalali.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba msimamizi awe karibu na wapangaji wake, basi. Sasa nasita. Ukaribu nilikuwa nao tele, na huenda ndio uliomfanya yule mama aone haya kuniandikia barua ya malalamiko, nami nikautumia kuahirisha kazi ambayo mgeni asiyenifahamu angenilazimisha kuifanya. Ningeambiwa nichague leo, ningemchukua msimamizi mkavu asiyemjulia mtu hali, ilimradi daftari lake lina tarehe ya lalamiko na, kando yake, tarehe aliyofika fundi, na ilimradi anazungumza na mpangaji ana kwa ana miezi mitatu kabla ya mkataba kwisha, badala ya kumtumia karatasi. Sisemi kodi isipandishwe kamwe, kwani gharama za kutunza jengo nazo hupanda, ila nyongeza iliyotanguliwa na matengenezo na ile iliyotanguliwa na ndoo hazipokelewi sawa. Nakiri pia kwamba wapo wanaohama kwa sababu ya kazi au familia, ambao hakuna fundi angewazuia, na pengine yule mama naye alikuwa na sababu asiyonieleza, ingawa sidhani.

Bomba lilitengenezwa kabla mpangaji mpya hajaingia. Fundi alibadilisha kiungo kimoja, na nusu saa haikuisha.