Umepata nulla osta ya kutunza mzee Milano: ukitua uanzie wapi

Dada mmoja ameuliza humu aanzie wapi akifika Italia: ana nulla osta (idhini ya kuajiriwa inayotolewa kabla ya viza) na viza mkononi, anakwenda Milano kumtunza bibi mmoja na atalala humohumo kwa mwajiri. Wengi mmemjibu habari za baridi na mshahara. Mimi naona kitakachomtesa au kumwokoa ni saa zitakazoandikwa kwenye mkataba wake. Ila makaratasi ya wiki ya kwanza hayasubiri, kwa hiyo nianze nayo.

Tangu uingie una siku 8 za kazi kuomba permesso di soggiorno, kibali cha kuishi. Wewe na mwajiri mnasaini kwanza contratto di soggiorno, mkataba wa kazi unaoambatana na kibali, kupitia Sportello Unico, ofisi ya wahamiaji iliyo chini ya Prefettura, yaani ofisi ya serikali kuu mkoani. Hakikisha umepata na codice fiscale, ile namba ya kodi yenye herufi na tarakimu 16, maana utaulizwa kila mahali, hata ukienda kununua laini ya simu. Bahasha ya fomu unaipeleka posta yenye dirisha la Sportello Amico, na unaipeleka ikiwa wazi. Usiigundishe; karani lazima akague kilichomo. Marca da bollo (stempu ya serikali) ya euro 16 inauzwa kwenye duka la sigara lenye kibao cha herufi T. Posta inachukua euro 30, halafu kuna bollettino (hati ya malipo) ya euro 70.46 kwa kibali kisichozidi mwaka mmoja, au 80.46 kikizidi mwaka hadi miwili. Akitokea mtu wa "nitakufanyia haraka" anataka mia tatu, mkimbie. Nenda patronato, ofisi za kuwasaidia wafanyakazi na makaratasi; hao kwa kawaida hawatozi kujaza fomu.

Utapewa risiti na tarehe ya kwenda Questura, makao ya polisi yanayotoa vibali, kuchukuliwa alama za vidole. Kadi yenyewe inaweza kuchukua miezi, lakini kwa risiti hiyo unafanya kazi kihalali na unajiandikisha kwenye huduma ya afya ya taifa, ambapo utachagua daktari wako wa kawaida, medico di base. Ukipata msiba nyumbani kabla kadi haijatoka, usikate tiketi ya kupitia Amsterdam au Paris. Kwa risiti tupu unatoka Italia na kurudi Italia bila kukanyaga nchi nyingine ya Schengen, zile nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani. Pita Addis Ababa au Doha.

Sasa saa. Mkataba wa taifa wa kazi za ndani unaweka kikomo cha saa 54 kwa wiki kwa mtu anayelala kwa mwajiri, na mapumziko ya saa 36: Jumapili nzima na nusu siku nyingine. Una likizo ya siku 26 kwa mwaka na mshahara wa kumi na tatu, yaani wa mwezi mmoja wa ziada, mwezi Desemba. Familia nyingi, hata zenye roho nzuri, zinaandikisha saa 25 halafu zilizobaki zinakulipa mkononi. Kwao ni nafuu ya michango ya hifadhi ya jamii. Kwako hasara inajitokeza baadaye, siku ya kuhuisha kibali, kwa sababu Questura inaangalia kipato kilichoandikwa, si ulichopokea. Lazima kifikie angalau assegno sociale (posho ya serikali kwa wazee wasio na kipato), karibu euro 7,000 kwa mwaka, na ukitaka kumleta mume au mtoto inaongezeka nusu ya hiyo kwa kila mtu. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu ingia kwenye tovuti ya INPS, mfuko wa hifadhi ya jamii, au mwombe mtu wa patronato akutolee estratto conto, taarifa ya michango yako, uone michango imeingia na ni ya saa ngapi. Mwajiri analipa kwa robo mwaka, kwa hiyo pengo linaonekana mapema ukilitafuta.

Jambo ambalo hata Waitaliano wengi hawalijui: mwajiri wa kazi za ndani hakukati kodi ya mapato. Unachopokea kinaonekana kizuri, kumbe kodi inakusubiri wewe mwenyewe. Kipato cha mwaka kikizidi euro 8,500 hivi, peleka hesabu CAF, ofisi inayosaidia watu kujaza fomu za kodi. Na kwenye mshahara wa kumi na tatu, likizo na TFR (kiinua mgongo, takriban mshahara wa mwaka ugawe kwa 13.5), thamani ya chakula na malazi nayo huhesabiwa. Familia husahau hapo, wengine makusudi.

Kuhusu residenza, kusajili makazi yako: ukishaomba Comune (manispaa), polisi wa manispaa anakuja kuhakiki ndani ya siku 45. Jina lako liwepo kwenye kengele ya mlango na sanduku la barua. Likikosekana, anaandika hujapatikana na maombi yanakwama.

La mwisho halipendezi kulisema, ila ni la kazi hii. Mzee akifariki, unapoteza kazi na kitanda kwa pamoja. Warithi bado wanadaiwa notisi, likizo isiyotumika na TFR. Usisaini karatasi ya "nimelipwa vyote" kabla patronato haijaisoma. Kibali hakifi siku hiyo: jiandikishe Centro per l'impiego, ofisi ya ajira, una haki ya kutafuta kazi kwa angalau mwaka mmoja. Mafao ya kukosa kazi, NASpI, yanaombwa ndani ya siku 68, na yanahitaji wiki 13 za michango katika miaka minne. Kwa kazi za ndani, wiki huhesabiwa nzima ikiwa na saa 24 za michango, kwa hiyo aliyeandikishiwa saa 15 anaweza kufanya kazi miezi mitatu na bado wiki zake zisitimie.