Kumkumbatia Mickey Ukiwa Mtu Mzima

Ndugu yangu, umeuliza kama ni aibu kwa mtu wa miaka 27 kupanga foleni Disneyland, bustani ya burudani kule Anaheim, Marekani, ili apige picha na Mickey Mouse, yule panya wa katuni. Si aibu hata kidogo. Tangu bustani hiyo ifunguliwe mwaka 1955, wazazi na watoto wamekuwa wakiifurahia pamoja. Beba daftari la saini na kalamu nene, kwa sababu vidole vilivyovikwa glavu kubwa hushika kalamu nyembamba kwa shida. Kwa kawaida Mickey hujibu kwa ishara, basi msalimie, umweleze ulikotoka, na umwombe ruhusa kabla ya kumkumbatia, kwani ndani ya vazi lile yumo mtu anayestahili heshima. Mtoto aliye nyuma yako akianza kulia kwa uchovu, mpishe.