Chaki Ibaki Nyumbani: Kurekodi Michongo ya Kale Pangoni

Kosa kubwa hufanyika kabla kamera haijatolewa: mtu anapaka chaki kwenye mifereji ya mchongo ili uonekane vizuri. Unga hujificha kwenye vinyweleo vya jiwe, na picha inayopatikana ni ya alichodhani mpakaji. Kulowesha mwamba ni balaa jingine. Maji yakikauka huvuta chumvi juu, na ngozi ya jiwe hubanduka.

Mchongo husomwa kwa kivuli chake. Fanya kazi usiku, au ziba mdomo wa pango kwa turubai, kisha laza tochi karibu na ukuta, nyuzi 10 hadi 15 hivi. Zungusha mwanga pande nne au zaidi, maana mfereji unaofuata njia ya mwanga hautoi kivuli na hupotea kabisa. Rula ya sentimita 10 iwe ndani ya kila picha.

Ukitaka undani zaidi, piga picha 40 hadi 60, taa ikihama kila mara kama inayozunguka ndani ya bakuli. Weka mipira miwili myeusi inayong'aa ili programu ya kompyuta inayounganisha picha hizo itambue mwanga ulikotoka, na pima umbali wa taa kwa kamba, kama mara tatu ya upana wa mchongo. Kamera ikisogea hata kidogo, rudia seti yote. Hakuna kompyuta itakayokuokoa hapo.

Vishimo vya mviringo huwadanganya wengi. Safu zilizopangika kwenye jiwe la kulala huenda ni bao tu. Kishimo kilicho kwenye ukuta uliosimama wima hakikuwa cha kusagia nafaka. Tafuta ndani yake alama za kugongwa, kwani mmomonyoko hautengenezi alama kama hizo.

Umri ndio mtihani. Mkaa uliookotwa chini ya ukuta hautoi umri wa mchongo. Ni wa moto ule tu. Kinachosaidia ni udongo uliofunika mchongo, kwa kuwa mchongo lazima uwe wa zamani kuliko udongo huo. Katika pango la Early Man, Queensland, Australia, michongo iliingia chini ya tabaka za miaka kama 13,000. Kule Abri Castanet, Ufaransa, jiwe la dari lenye michongo liliangukia sakafu iliyokaliwa na watu miaka 37,000 hivi iliyopita.

Basi usifukue hata kiganja kimoja kuangalia mchongo unaishia wapi. Udongo huo ndio saa pekee uliyonayo, na Tanzania kuchimba bila leseni ya mambo ya kale ni kosa la jinai.